Mikunga ya Dola 787: Mtazamo wa Wami'kmaq katika Somo la Fedha

SWALI

Mimi ni Mtanzania, nafundisha Utangulizi wa Fedha za Biashara katika chuo kikuu kimoja mashariki mwa Kanada. Kitivo chetu kimeagiza kwamba kuanzia Septemba kila kozi iwe imeingiza mitazamo ya watu wa asili, na wenyeji wa huku ni Wami'kmaq. Wenzangu kadhaa wameongeza slaidi moja ya mwanzo na picha ya ngoma. Mimi nasita kwa sababu tatu. Somo langu ni la hesabu, na thamani halisi ya sasa, yaani fedha za miaka ijayo zikipimwa kwa thamani ya leo, haina kabila. Pili, mimi mwenyewe ni mgeni nchini. Tatu, sitaki kuwafanya wazee wa watu kuwa pambo la darasa langu. Nianzie wapi?

JIBU

Anzia kwenye mkopo, Mwalimu. Ngoma inaweza kuja baadaye, na hata isipokuja darasa lako halitapungukiwa. Nimefundisha fedha kwa muda mrefu, miaka michache kati ya hiyo nikiwa huko huko mashariki mwa Kanada, na kosa nililoliona likirudiwa kuliko yote ni la kudhani kwamba mtazamo wa watu wa asili ni sura ya utamaduni inayobandikwa mwishoni mwa kitabu cha biashara. Wami'kmaq walifanya biashara na Wafaransa na Waingereza kabla Kanada haijawa nchi, wakafungiwa mlango wa benki kwa sheria iliyoandikwa, wakashinda kesi kuhusu haki ya kuuza samaki, na leo baadhi ya mataifa yao yanamiliki nusu ya kampuni kubwa inayovua kambakoche na kaa katika Atlantiki. Kila kipande cha habari hiyo ni mada ya somo lako. Unachotakiwa kufanya ni kuacha kuificha.

Kwanza fahamu agizo la kitivo chenu limetoka wapi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyoanzishwa 2008 kuchunguza shule za bweni ambamo watoto wanaokadiriwa kufikia 150,000 walipelekwa ili wasahau lugha na jamaa zao, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wito wa 92 ndio unaonukuliwa katika kila kikao cha kitivo cha biashara. Ukiusoma kwa makini utaona jambo ambalo wakuu wengi hulipita: miito mingine inazitaja waziwazi shule za udaktari na uuguzi, vitivo vya sheria, hata vyuo vya uandishi wa habari, ilhali huu wa 92 unaziambia kampuni zenyewe. Unazitaka zifuate Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, zipate ridhaa ya hiari, ya mapema na yenye taarifa kamili kabla ya kuanza mradi, zihakikishe jamii zinapata faida ya kudumu, na ziwafundishe mameneja na wafanyakazi wao historia, mikataba na sheria za watu wa asili. Vitivo vya biashara vimejichukulia wito huo kwa sababu ndivyo vinavyowapika mameneja hao. Hapo unapata kipimo cha kozi yako: kijana atakayeajiriwa idara ya mikopo ya benki fulani, siku akiketi mezani na baraza la taifa la Wami'kmaq, je, atajua kwa nini ombi lililo mbele yake halifanani na mengine?

Hataelewa bila kifungu cha 89 cha Sheria ya Wahindi, na Wahindi hapa ni watu wa asili wa Kanada, si watu wa India. Jina hilo linakera, lakini ndilo jina la sheria mpaka leo. Ilitungwa 1876 na ingali inatumika, ikiwa imefanyiwa marekebisho mengi. Ardhi ambamo jamii hizi ziliwekwa nitaiita rizavu, kwa sababu neno hifadhi litampeleka msomaji wetu moja kwa moja kwa tembo na twiga, na kwa sababu Kenya ya kikoloni nayo ilikuwa na maeneo ya aina hiyo kwa jina lilelile. Ardhi ya rizavu inamilikiwa na Taji la Kanada, yaani dola yenyewe, kwa matumizi na manufaa ya taifa husika. Kifungu cha 89 kinasema, kwa ufupi wake, kwamba mali ya Mhindi au ya taifa lake iliyomo ndani ya rizavu haiwezi kuwekwa rehani, kukamatwa wala kunadiwa kwa ajili ya mtu yeyote asiyekuwa Mhindi au taifa la Wahindi. Nia iliyotangazwa ilikuwa ulinzi, na kwa kiasi fulani ulinzi ulikuwepo kweli, kwani ardhi iliyobaki ingeweza kumezwa yote na wadai. Lakini ufunguo uliofunga mlango kwa nje uliufunga kwa ndani vilevile. Mwenye duka ndani ya rizavu ana jengo, ana majokofu, ana bidhaa, na mbele ya ofisa wa mikopo ni kama mtu asiye na kitu.

Wewe uliyekulia Tanzania utalielewa jambo hili haraka kuliko mwenzako wa Toronto. Unajua nchi ambayo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, na umeona benki nyingi zinavyosita mwanakijiji anapotoa hatimiliki yake ya kimila. Usivute ulinganisho huo kupita kiasi, maana kwetu hati ya kumiliki huwekwa rehani kila siku, na aliyetunga sheria ile hakuwa serikali ya walowezi. Hata hivyo unakupa pa kusimama unapofundisha.

Zoezi nililokuwa nikilitoa wiki ya pili ni jepesi. Wanawake wawili wana maduka ya kuoka mikate katika mji wa Sydney, Nova Scotia, ambamo rizavu ya taifa la Membertou imo ndani ya mji wenyewe. Duka la kwanza liko upande huu wa barabara, la pili upande wa pili, ndani ya rizavu. Mauzo ni yale yale, gharama ni zile zile, hata oveni zimenunuliwa siku moja. Wote wanataka dola 80,000 za kupanua jiko. Wanafunzi huandaa mtiririko wa fedha kwa nusu saa, na kwa kuwa unafanana, hutoa jibu moja kwa wote wawili. Ndipo unapowagawia nakala ya kifungu cha 89, nusu ukurasa tu, na kuwaambia watafute upya gharama ya mtaji, yaani kile ambacho kila mmoja atalipa ili apate fedha hizo. Chumba hunyamaza. Nakumbuka binti mmoja aliyeinua kichwa na kuuliza, "Kwa hiyo kuvuka barabara kuna bei?" Sikumjibu, nilimwambia aikokotoe.

Baada ya hapo wapeleke kwenye mikunga, wale samaki warefu wenye umbo la nyoka, kwa sababu sioni kisa kingine katika historia ya biashara ya huko kinachobeba mengi kiasi hicho ndani ya risiti moja. Agosti 1993, Donald Marshall Mdogo, Mmi'kmaq wa Membertou ambaye huko nyuma alikuwa amefungwa miaka 11 kwa mauaji asiyoyafanya, alivua ratili 463 za mikunga, karibu kilo 210, akaziuza kwa dola 787 na senti 10. Alishtakiwa kwa kuvua bila leseni, kuuza bila leseni, na kuvua kwa wavu uliokatazwa katika msimu uliofungwa. Utetezi wake ulikuwa mikataba ya 1760 na 1761 kati ya Wami'kmaq na Waingereza, na Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimkubalia.

Mwanafunzi wa biashara atazame hasa kile ambacho mahakama ilikisoma. Mikataba ile haikukabidhi ardhi. Ilikuwa ya amani na urafiki, na ndani yake mlikuwa na sharti la biashara: Wami'kmaq waliahidi kutouza wala kubadilishana bidhaa zao isipokuwa katika maduka yatakayowekwa na serikali au kwa watu watakaoteuliwa na serikali hiyo. Kwa macho ya juu juu ni kizuizi cha soko, mnunuzi mmoja akijihakikishia wauzaji wote. Majaji waliuliza swali ambalo mhasibu yeyote angeuliza: mtu anaahidije kuuza dukani kwako kama huna nia ya kumwachia haki ya kupata cha kuuza? Kutokana na sharti hilo, na kumbukumbu za mazungumzo yaliyolizunguka, ikatoka haki ya kuvua, kuwinda na kukusanya, na kuuza kilichopatikana. Wape wanafunzi maneno ya sharti lenyewe na dakika ishirini, wagawane pande mbili, kila upande uandike tafsiri yake ya mkataba. Ni somo la sheria ya biashara, la nguvu ya mnunuzi na la historia kwa pamoja, na hakuna anayevaa manyoya.

Mahakama ilitoa kwa mkono mmoja na kushika kwa mwingine. Haki hiyo, ilisema, ni ya kujipatia kile ambacho Kiswahili kinakieleza vizuri kuliko Kiingereza chao: riziki ya wastani. Chakula, mavazi na nyumba, pamoja na starehe chache. Kulimbikiza mali hakumo. Miezi miwili baadaye, Novemba 1999, ikatoa ufafanuzi kwamba serikali inaweza kuidhibiti haki hiyo kwa sababu zenye uzito kama vile kuhifadhi samaki. Tangu hapo swali la kiasi gani ni wastani halijapata jibu ambalo pande zote zinalikubali, na Oktoba 2020, taifa la Wami'kmaq la Sipekne'katik lilipokuwa limeanzisha uvuvi wake wa kambakoche chini ya haki hiyo, wavuvi wasio wa asili waliandamana na ghala moja la kambakoche liliteketezwa kwa moto kusini magharibi mwa Nova Scotia.

Tua hapo, usiharakishe. Sisi tunaolisema neno riziki kila siku tunasikia ndani yake kitu kinachotoka kwa Mungu, kinachotosha, ambacho mtu hapaswi kukichukua chote peke yake. Mwanafunzi wako wa huko atasikia kiwango cha juu cha mapato kilichowekwa na dola. Waulize: kuna mfanyabiashara gani mwingine Kanada ambaye katiba inalinda haki yake ya kufanya biashara kwa sharti kwamba asitajirike? Waulize pia swali la upande wa pili, ambalo ni gumu zaidi: je, kama Wami'kmaq wenyewe wangeulizwa mwanzoni, wangetaja kiasi cha kutosha kwa hesabu ya dola, au kwa hesabu ya mikunga waliobaki mtoni?

Hapo ndipo neno la Wami'kmaq linapostahili kuingia, kwa kuwa sasa lina kazi ya kufanya. Netukulimk ni dhana yao ya kutumia vile vilivyojaliwa na Muumba kwa ajili ya kujikimu kwa mtu na jamii bila kuhatarisha uhai, wingi na aina za viumbe. Liweke kando ya thamani halisi ya sasa, ile uliyosema haina kabila. Hesabu yenyewe haina, nakubaliana nawe. Lakini kiwango cha punguzo unachokiingiza, ile asilimia inayoshusha thamani ya fedha kwa kila mwaka wa kusubiri, kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana haraka. Andika ubaoni: mto unaovuliwa mikunga utaharibika baada ya miaka 50, na hasara itakuwa dola milioni moja. Kwa kiwango cha asilimia 10, hasara hiyo leo ni takriban dola 8,500. Kwa asilimia 3 inakaribia dola 228,000. Mto ni ule ule. Mradi utakaopita kwa hesabu ya kwanza unaweza kukwama kwa ya pili, na aliyechagua asilimia 10 hakuichukua mbinguni; aliitoa kwa mwekezaji ambaye angeweza kupeleka fedha zake kwingine na kuondoka, jambo ambalo taifa lenye mto huo haliwezi. Sidhani netukulimk inaweza kugeuzwa kuwa asilimia fulani, na ningemshuku mtu anayejaribu. Inatosha mwanafunzi akijua kwamba pale aliposhika namba kama maumbile, palikuwa na uamuzi.

Usiwaache, hata hivyo, wakatoka darasani wakiamini kwamba Wami'kmaq ni watu wa mto na sisi ni watu wa hesabu. Ndiyo maana kisa kinapaswa kufika 2021. Membertou lenyewe ni taifa ambalo mwanzoni lilikuwa kwenye barabara ya Kings, kando ya bandari ya Sydney. Mwaka 1911 bunge liliongeza katika Sheria ya Wahindi kipengele cha kuwahamisha wenyeji wa rizavu zilizopakana na miji ya watu 8,000 au zaidi. Majirani wakaitaka ardhi ile, mahakama ikaridhia 1916, na 1926 watu wakahamishiwa mbali na maji. Mwaka 2002 serikali ya taifa hilo hilo ilipata cheti cha ubora cha ISO 9001. Na Januari 2021, muungano wa mataifa ya Mi'kmaq ukiongozwa na Membertou na Miawpukek wa Newfoundland ulikamilisha ununuzi wa kampuni ya Clearwater Seafoods kwa ubia wa nusu kwa nusu na kampuni ya Premium Brands, biashara iliyokadiriwa kuwa ya dola bilioni moja za Kanada, huku leseni za uvuvi za Kanada zikiwekwa katika ubia unaomilikiwa na Wami'kmaq peke yao.

Fedha zilitoka wapi, ikiwa kifungu cha 89 bado kipo? Swali hilo liache darasani kwa wiki nzima kabla ya kulijibu. Sehemu yao ya dola milioni 250 ilikopwa kwa miaka 30 kutoka Mamlaka ya Fedha ya Mataifa ya Kwanza (ndivyo mataifa ya asili kama haya yanavyoitwa Kanada), chombo kilichowezeshwa na sheria ya 2005 na ambacho kilitoa hatifungani yake ya kwanza 2014. Namna kinavyofanya kazi unaweza kuifundisha kwa VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na usikosee sana. Taifa halitoi ardhi wala jengo. Linaahidi mapato yake, kama vile ya biashara zake, kodi au mirabaha, baada ya hesabu zake kukaguliwa na bodi huru na kupewa cheti. Mamlaka hukusanya mahitaji ya wakopaji wengi, hutoa hatifungani moja kubwa sokoni, kisha huwakopesha wanachama. Sehemu ya kila mkopo hubaki katika mfuko wa akiba, na mfuko ukipungua kwa sababu mmoja ameshindwa kulipa, wakopaji wengine wana wajibu wa kuujaza. Mama yeyote wa kikundi cha Mbagala anayejua uchungu wa kumlipia mwenzake aliyehama na mkopo ataelewa kwa nini wawekezaji wanauamini utaratibu huu. Kwa upande wa ufundi, muundo umeigwa kutoka mamlaka ya fedha ya serikali za mitaa ya British Columbia. Kilichofanyika ni kuijenga dhamana upya mahali ambapo sheria ilikuwa imeiondoa.

Sauti za Wami'kmaq juu ya jambo hili si moja, na haki ya kisa ni kuziacha ziwe nyingi. Mtu anaweza kuuliza, kwa uzito wote, kama kampuni ya meli kubwa za bahari kuu ni utimilifu wa haki ya Marshall aliyevua kwa mashua ndogo, au ni kitu kingine kabisa kilichonunuliwa kwa fedha za mkopo. Mtu mwingine atauliza nani ana mamlaka ya kutia sahihi: chifu na baraza waliochaguliwa chini ya Sheria ya Wahindi, au Sante' Mawio'mi, Baraza Kuu la jadi lililokuwepo kabla ya sheria hiyo. Meneja asiyejua kwamba vyote viwili vipo atadhani ameshauriana kumbe amepiga simu moja.

Wazee wawili wa Eskasoni, jamii ya Wami'kmaq katika kisiwa cha Cape Breton, Albert Marshall na marehemu Murdena Marshall, walitoa mwaka 2004 dhana ya Etuaptmumk, yaani kuona kwa macho mawili: jicho moja litumie nguvu ya maarifa ya watu wa asili, la pili nguvu ya maarifa ya Kimagharibi, na yote mawili yafanye kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Dhana hiyo ilizaliwa katika ufundishaji wa sayansi huko Cape Breton na sasa inanukuliwa hata pasipohusika. Ukiitaja, wataje wenyewe. Na uitaje wiki ambayo wanafunzi wameshaona macho hayo mawili yakifanya kazi, katika kiwango cha punguzo au katika hatifungani. Ikitajwa wiki ya kwanza hubaki kuwa kauli nzuri ya ukutani.

Kuhusu ugeni wako. Utasikia kishawishi cha kuwaambia wanafunzi kwamba nasi tulitawaliwa, kwa hiyo unayajua. Sema mara moja, kwa sentensi moja, kisha uache. Sisi mkoloni aliondoka na bendera yake. Kwao hakuondoka, na mshahara wako na wangu ulilipwa na taasisi zilizojengwa kwenye ardhi ambayo mikataba haikuikabidhi. Ngozi yako haikutoi katika kundi la wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na pwani ile ni mahali ambapo methali hiyo haikutimia hata kidogo. Lakini ugeni si sababu ya kunyamaza. Kifungu cha 89, hukumu ya 1999 na taarifa za hatifungani ni nyaraka za umma, na kuzifundisha ni kazi ya kila mwalimu wa fedha Kanada, mwenyeji au mgeni. Ukiwaachia Wami'kmaq peke yao kazi ya kueleza sheria ambazo hawakuzitunga, utakuwa umewaongezea mzigo. Wasichoweza kukuazima bila wewe kuomba ni hadithi zao, sherehe zao, na maarifa ya mto yaliyo ndani ya familia.

Hilo linatuleta kwa wazee. Mwaka wangu wa kwanza huko nilimwalika mzee mmoja aje azungumze kuhusu uvuvi wa mikunga wakati wa baridi, wanapotoboa barafu na kuwachoma kwa mkuki mrefu. Nilimpa dakika 20, katikati ya slaidi zangu kuhusu mtaji wa kuendeshea biashara. Alianza na jina la babu yake na mahali babu huyo alipopiga kambi, na dakika ya kumi na nane alikuwa bado hajafika kwenye barafu. Nikatazama saa. Aliiona ile saa, akamaliza kwa adabu sentensi aliyokuwa nayo, akanishukuru, akaketi. Sikujua nimefanya nini mpaka mwanafunzi mmoja wa mzee huyo aliponiambia wiki iliyofuata kwamba majina yale ndiyo yalikuwa somo: alikuwa akieleza nani ana haki ya kuvua wapi, na kwa nini. Nilikuwa nimeikata hati ya umiliki nikisubiri habari za samaki. Kisha ofisi ya malipo ya chuo ikamtaka ajaze fomu za mzabuni na kungoja siku sitini apate ahadi yake, jambo ambalo mwalimu mwenzangu yeyote hapo chuoni angelitolea kelele kama lingemhusu yeye.

Kwa hiyo, kama utamwalika mtu, mpe kipindi kizima na umwachie mpangilio wake. Bajeti iwe imepitishwa kabla hujampigia simu, na bahasha iwe tayari siku ile ile. Uliza ofisi ya wanafunzi wa asili ya chuo chako kuhusu desturi ya kumwomba mzee, kwa mfano kama tumbaku inatolewa na kwa namna gani, maana desturi hutofautiana hata kati ya jamii jirani. Usiwatume wanafunzi kukusanya taarifa kwa Wami'kmaq kwa ajili ya kazi ya muhula bila kupita kwa Mi'kmaw Ethics Watch, chombo kinachopitia maombi ya utafiti kwa niaba ya Baraza Kuu. Nenda Chuo Kikuu cha Cape Breton, kwa kuwa huko tangu 2010 kuna kigoda cha masomo ya biashara za watu wa asili kilichopewa jina la Purdy Crawford, na utapata watu wanaoandika visa vya kufundishia pamoja na jamii zenyewe. Na mwanafunzi Mmi'kmaq aliyeketi safu ya tatu usimwangalie kila linapotajwa jina la watu wake. Amekuja kusoma fedha. Kumbuka kwamba chini ya sheria ya 1876 Mhindi aliyepata shahada ya chuo kikuu alihesabiwa kuwa amekwisha kuacha Uhindi wake kisheria; ikiwa bibi yake anakiangalia chuo kwa jicho la pembeni, ana sababu.

Vitu vya kuacha ni vingi na nitavitaja upesi. Acha potlatch, sherehe ya kugawa mali iliyopigwa marufuku hadi 1951, kwa sababu ni ya mataifa ya pwani ya Pasifiki, upande wa pili wa bara. Kuifundisha kama ya Wami'kmaq ni sawa na mtu kuja Mtwara kueleza Wamakonde kwa mifano ya Wasomali. Acha vizazi saba, ile kanuni ya kuamua kwa kuwafikiria watakaokuja vizazi saba baadaye, ambayo ni ya Wahaudenosaunee, watu wengine wa asili, na imekwisha kuchoshwa na watangazaji wa sabuni. Acha pia kuongeza mada mpya juu ya mzigo wa zamani: toa kisa kimoja cha kampuni ya New York, weka Clearwater, toa mfano mmoja wa rehani ya nyumba ya kitongoji, weka barabara ya Sydney. Kozi itabaki na wiki zile zile, na katika mtihani swali la Clearwater liwe na alama sawa na swali lolote la hatifungani, kwa sababu wanafunzi hupima umuhimu wa jambo kwa alama zake na wala hawakosei.

Ile slaidi ya mwanzo inayotambua kwamba mnakutana Mi'kma'ki, nchi ya jadi ya Wami'kmaq, unaweza kuibakiza. Mwombe mtu wa huko akufundishe kulitamka jina, kisha chini yake ongeza mstari mmoja: mikunga ratili 463, dola 787.10, Agosti 1993. Wanafunzi watakuuliza maana yake. Waambie wangoje wiki ya tatu.